Ile muvi tuliacha katikati

Nimejaribu kulala nimeshindwa, kwa hivyo wacha niandike. Ni ile kitu ya Jumapili. Wale mmekuwa hapa kitambo mnajua hiyo Jumapili ya mwisho wa mwezi huwa tunakula kwa dadangu Donholm, na mnamjua shemeji yangu, viatu vibaki mlangoni, rimoti ikae kwake. Simsemi vibaya. Ni mtu mzuri, mwaka jana alilipa bili ya Mama hospitalini bila hata kuombwa, na nafikiri ndiyo maana hii kitu imenikaa hivi, kwa sababu ingekuwa imesemwa na mtu sijali ningeisahau nikiwa bado kwa matatu.

Nilikuwa nimebeba laptopu na ile waya ya kuunganisha na tivii. Nimengoja hii siku wiki kadhaa, Mama yuko Nairobi kwa sababu ya macho, watoto wamefunga shule, tuko wote, na nilikuwa nataka tuangalie Supa Modo pamoja. Nishawahi kuandika juu yake hapa lakini kwa wageni: ni ya Likarion Wainaina, ya 2018, kuna msichana mdogo anaitwa Jo, ni mgonjwa wa kufa, na anapenda sinema za mashujaa wenye nguvu kuliko kitu chochote. Mamake anamtoa hospitalini wanarudi nyumbani kijijini amalizie siku zake hapo. Huyo mamake anataka mtoto akae kitandani apumzike. Dadake mkubwa, Mwix, hawezi kuvumilia kumwona amelala akingoja tu, anaanza kumfanya aamini ana nguvu za ajabu kweli, na polepole anaingiza watu wa kijiji kwa huo mpango. Hiyo tu. Haifiki hata saa moja na nusu. Mimi kila nikiiona nalia mahali tofauti.

Basi nimeweka, watu wametulia, Mama ameletewa kile kiti cha karibu na tivii kwa sababu akikaa kwa kochi haoni. Imeenda vizuri. Watoto wamenyamaza. Tumefika pale mama ya Jo na Mwix wanaanza kuvutana juu ya mtoto, shemeji akatoka kuongea na simu huko nje, akarudi, akasimama nyuma ya kochi akaangalia dakika mbili hivi.

"Hii ni ya wapi?"

"Ni ya hapa shemeji, ya Kenya."

"Aah. Basi hiyo wawekee watoto kesho. Leo tuwekee muvi."

Na mimi nikasema, "Sawa shemeji."

Nikachomoa waya. Akaweka ingine ya magari na mabomu, ile ya watu kukimbia juu ya nyumba saa mbili nzima, dadangu akaleta chai, maisha yakaendelea. Hakuna mtu alinuna. Hakuna mtu alijua kuna kitu kimetokea, nafikiri.

Lakini mimi tangu hiyo siku naisikia. Niko kazini napanga kadi za wagonjwa, naisikia. "Leo tuwekee muvi." Kwa hivyo ile ilikuwa nini tulikuwa tunaangalia? Si ati alisema ni mbaya, angesema ni mbaya tungebishana, mi naweza kubishana juu ya muvi hadi asubuhi. Hakuwa ameiona hata. Aliuliza imetoka wapi, akapata jibu, ikaisha. Na ningemjibu nini mbele ya Mama na watoto, kwa nyumba yake? Shemeji hujibiwi hivyo. Lakini kwa kichwa nimemjibu wiki nzima. Nimemwambia shemeji, wewe ndiye huwa unatupigia ile stori ya Papa Shirandula, kile kipindi chetu cha vichekesho cha tivii, kila Krismasi, vile anatoka nyumbani na suti ndio bibi aamini anaenda ofisi, akifika kazini anavaa yunifomu ya uaskari, unacheka hadi unashika meza. Charles Bukeko aliyemwigiza alipokufa Julai 2020 wewe ndiye ulituma ujumbe kwa grupu ya familia saa kumi na moja asubuhi. Hiyo ilikuwa ya wapi? Na nimemwambia hii unaitoa iliingia tamasha la filamu la Berlin, kitengo cha filamu za watoto, ikatajwa kwa heshima, halafu Kenya ikaituma Oscar mwaka huo huo. Watu wa nchi nyingine walikaa wakamwangalia huyo mtoto wetu hadi mwisho. Sisi tukamtoa kabla hata hajajua ana nguvu gani.

Na bado hiyo si jibu, kwa sababu sitaki aipende kwa sababu ya Berlin. Nataka akae chini tu.

Hiyo hasira ndiyo imenifanya wiki hii nikaangalia zote. Jumatatu usiku Nairobi Half Life, tena. Hiyo ya 2012 ndiyo Kenya ilituma Oscar mara ya kwanza kabisa, na bado inanishika pale mwanzo kabla hata ya uhalifu wote, yule kijana Mwas akiwa kijijini anauza sinema za kunakiliwa na ndio mtu anunue lazima aigize muvi yote mwenyewe, risasi anapiga na mdomo, anaanguka, anainuka, watu wamesimama wanamtazama mchangani. Halafu anafika Nairobi anaibiwa kila kitu siku ya kwanza, anajipata selo akisafisha choo ambayo hata kuiangalia kwa skrini ni kazi. Kuna wale husema hiyo filamu inaonyesha Nairobi vibaya. Mi naona inaonyesha kijana anayetaka kuigiza na mji ambao hauna mahali pa kumweka, na huo mji naujua. Jumanne nikaweka Kati Kati ya Mbithi Masya, ya 2016, msichana anaitwa Kaleche anaamka nyikani na nguo za hospitali hajui amefikaje, kumbe wote wako hapo wameshakufa na hawawezi kutoka. Hiyo ni nzuri lakini si ya kuangalia ukiwa pekee yako na stima inapotea potea. Niliizima nikamalizia asubuhi na chai.

Mengine ya wiki: daktari ametangaza kliniki nafanya kazi inahama kutoka tauni kwenda Ruiru kabla mwaka uishe na hatujui nani anahama nayo, na binamu yangu wa Tala amejifungua mapacha, wote salama.

Sasa Jumatano. Hii ndiyo nilitaka kufikia.

Jumatano ilikuwa zamu yangu kumpeleka Mama kwa macho. Mlisoma nikisema wanashuku ni mtoto wa jicho, sasa imehakikishwa, ni yote mawili, la kulia ndilo limeenda sana, na wanasema watafanya hilo kwanza. Tulifika mapema tukapata foleni tayari imetoka nje ya mlango. Unajua yale mabenchi ya hospitali, mnasogea matako moja baada ya nyingine hadi ufike kwa dirisha. Mama alikuwa amenyamaza sana, nikadhani anaogopa. Ameshika ile bahasha ya kadi na mikono miwili, leso imefungwa vizuri, anaangalia mbele tu. Halafu akaniuliza, bila hata kugeuka:

"Yule mama mwishowe alimwachilia mtoto atoke nje?"

Sikuelewa. Nikauliza mama gani.

"Yule wa Jumapili. Wa yule msichana mgonjwa. Alikuwa anamfungia kwa nyumba."

Nilishindwa kuongea kidogo. Kumbe alikuwa anafuata. Nikamuuliza, Mama ulikuwa unaona? Akasema kuona hakuwa anaona, alikuwa anaona mtu kama kivuli, lakini alikuwa anasikia, wanaongea Kiswahili kama sisi na kidogo Kikikuyu, kwa hivyo alijua huyu ni mama, huyu ni dada, huyu ni mtoto na amechoka na kitanda. "Na ile ingine?" nikamuuliza, ya magari. Akasema, "Ile ingine niliona tu taa."

Saa mbili nzima mamangu alikaa mbele ya hiyo tivii akiangalia taa. Kwa heshima, kwa sababu ni nyumba ya mkwe wake. Hizo muvi za nje zina maandishi ya chini au zina Kizungu cha haraka, na Mama kusoma alisoma hadi darasa la nne na sasa hata hayo maandishi hayaoni. Zamani kule nyumbani alikuwa anapenda sana Vitimbi, kile kipindi cha vichekesho, tulikuwa tunaenda kwa jirani aliyekuwa na tivii ya Greatwall ya betri ya gari, betri ikielekea kuisha picha inaanza kupungua inabaki katikati ya skrini, na Mama anawaambia watu nyamazeni tusikie Mzee Ojwang' anasema nini. Picha ilikuwa imeisha na bado anacheka. Hiyo kitu nilikuwa nimeisahau kabisa hadi nikiwa hapo kwa benchi.

Basi nikamhadithia. Nikamwambia ngoja, nikaanza pale tuliachia, na sikuharakisha. Nikamwambia vile watu wa kijiji wanakubali kusaidia, na vile Jo mwenyewe si mjinga, anajua vizuri anakufa, na vile mwishowe kijiji chote kinaamua kumtengenezea sinema yake yeye ndiye shujaa. Nikamwambia kuna kijana hapo kijijini anaitwa Mike, ndiye huonyesha watu sinema, anazitafsiri hapo hapo kwa mdomo vile ma-DJ hufanya, na kwa sababu ndivyo nilivyokuwa nafanya wakati huo huo nikajipata nabadilisha sauti, nafanya sauti ya mtoto, nafanya sauti ya mama. Kuna mama mwingine alikuwa kando yetu na kitambaa kwa jicho moja, akasogea. Kijana wa nyuma akatoa simu sikioni. Nesi akaita, "Shosho, ingia," na Mama, ambaye tangu asubuhi alikuwa anauliza foleni imebaki watu wangapi, akamwambia ngoja kidogo mwanangu anamalizia. Yule wa kitambaa akasema heri aingie mwingine kwanza. Na kweli akaingia mwingine.

Nilipofika mwisho sikumficha. Nilimwambia mtoto hakupona.

Mama akatingisha kichwa. Akasema yeye alijua, tangu pale mwanzo mama alipomtoa hospitali alijua, kwa sababu mzazi hatoi mtoto hospitali hivyo kama madaktari hawajamwambia kitu. Halafu akasema huyo mama watu watamlaumu bure. Ati dada alikuwa anataka mtoto afurahi, na hiyo ni rahisi ukiwa dada, lakini mama alikuwa anataka mtoto akae, hata kama ni siku moja ingine tu. "Hata mimi ningefunga mlango," akasema. Mimi kila mara nimeiangalia nikiwa upande wa Mwix, na kila mara nimemwona huyo mama kama ndiye kizuizi hadi pale anapobadilika, na nimesoma watu wengi wakiandika hivyo hivyo. Sasa nimeirudia jana usiku nikimtazama yeye peke yake. Marrianne Nungo ndiye amemwigiza. Ni mkunga kwa kazi, maisha yake ni kupokea watoto wa watu wengine, na wake ndio huyo anaenda. Mwangalieni uso wake wakati hakuna mtu anaongea. Hiyo filamu ni yake kama vile ni ya Jo, na haikuwa imenifikia hadi ikaambiwa na mtu ambaye hakuiona.

Nimefurahi kiasi kwamba ile ya shemeji imepungua. Haijaisha, lakini imepungua. Wakimaliza jicho la kulia na bandeji itoke nitaleta Mama hapa kwangu, tuiweke kutoka mwanzo, akae kwa kochi kama watu wengine, aone kichwa cha Jo hakina nywele, hiyo sikumwambia. Na kitu ambacho kinanisumbua kwa jumla ni kwamba hizi filamu nyingi nzuri, hii, Kati Kati, Nairobi Half Life, zilitengenezwa na usaidizi wa One Fine Day Films ya Ujerumani, Tom Tykwer na wenzake, na nawashukuru kabisa, lakini mtu kama mamangu, anayetaka stori aisikie kwa lugha yake bila kusoma chini, asingoje mtu atoke Berlin. Wako wengi kama yeye. Wamekaa kwa masebule ya watoto wao wanaangalia taa.

Sasa nyingine, na hii nauliza kwa ukweli. Mnakumbuka ile nyumba ya jirani yetu hapa Umoja nilisema wanaongeza orofa? Wameongeza ingine tena. Wanafanya kazi usiku na jenereta, na ufa ule wa bedruumu yangu karibu na dirisha umerefuka. Niliweka alama ya penseli pale ulikuwa umeishia, leo umepita alama kwa upana wa kidole. Keateka, yule mtunzaji wa ploti, anasema ni plasta tu. Landilodi hashiki simu. Kama kuna mtu hapa anajua ni ofisi gani ya kaunti inatuma watu kukagua, na kama wanakuja kweli ukipiga simu au lazima uende mwenyewe, niandikieni, hata kama ni usiku.