Kosa la Karama

Assalaamu alaykum, ndugu zangu katika imani.

Wiki hii nimekisoma upya Kusadikika cha Shaaban Robert. Mara ya kwanza nilikisoma shuleni, nikitafuta majibu ya mtihani tu. Safari hii nimekisoma taratibu, nimeketi dakani hapa Lamu baina ya Alasiri na Magharibi, punda wakipita na mizigo yao ya mchanga, na kuna jambo limenishika moyoni tangu Jumatatu. Kosa la Karama lilikuwa kufundisha.

Kwa asiyekisoma: Kusadikika ni nchi ya kubuni, inaelea angani. Waziri aitwaye Majivuno anamshtaki Karama mbele ya mfalme na baraza lake kwa kuanzisha elimu ya uanasheria na kuwafunza watu. Karama hakuiba wala hakuua. Amewajulisha watu sheria katika nchi ambayo mshtakiwa hakuwa na desturi ya kusikilizwa, na hilo peke yake limetosha kumfikisha kizimbani, maisha yake yakiwa mikononi mwa watu waliokwisha kukasirika.

Kitabu kilichapwa mwaka 1951, Tanganyika ikiwa bado chini ya Waingereza, na aliyekiandika alikuwa karani wa serikali hiyo hiyo. Nataka tulikumbuke hilo tunapomsoma. Hakuandika akiwa mbali na wakubwa zake.

Karama anapata nafasi ya kusema. Ningekuwa mimi, ningejitetea: niliwafunza nini, niliwafunza nani, nani shahidi wangu kwamba sikukusudia ubaya. Yeye anaanza kusimulia habari za watu wengine. Siku baada ya siku analeta mbele ya baraza visa vya wajumbe sita, Buruhani, Fadhili, Kabuli, Auni, Ridhaa na Amini, waliotumwa na nchi yao wenyewe kwenda pande sita, mashariki na magharibi, kaskazini na kusini, mbinguni na ardhini, kutafuta mambo mema ya kuwafaa watu wao. Walitaabika njiani, wakayapata, wakarudi nayo. Malipo yao yakawa gereza.

Hapa ndipo nilipokifunga kitabu nikakaa kimya kwa muda. Mtu anashtakiwa yeye, na muda aliopewa wa kujiokoa anautumia kuwasemea waliosahauliwa. Hana cheo. Hana jeshi, hana hata rafiki wa kumshika mkono pale barazani. Lakini ukilisoma baraza lile utaona nani anaongoza. Mfalme amekalia kiti, Majivuno ana mashtaka yake, na masikio ya wote yamekwenda kwa mshtakiwa.

Nimekuwa nikijiuliza uongozi huo unatoka wapi, na nimerudi kwenye Sura ya arubaini, Ghafir, ambayo huitwa pia Al-Muumin kwa ajili ya mtu mmoja ambaye Qur'ani haikututajia jina lake. Ni mtu wa jamaa za Firauni, ameificha imani yake. Siku waliposhauriana kumuua Nabii Musa, alayhis salaam, hakuweza tena kukaa kimya. "Mtamuua mtu kwa kuwa anasema: Mola wangu ni Mwenyezi Mungu?" Akawaambia kama ni mwongo, uwongo wake utamrudia mwenyewe, na kama ni mkweli, yatawapata baadhi ya hayo anayowaonya. Firauni akajibu kwamba yeye hawaonyeshi watu wake ila lile analoliona mwenyewe. Neno la mtu aliyezoea kuona kwa niaba ya watu wote.

Msikilize yule muumini anavyowaita. Enyi watu wangu. Tena: enyi watu wangu. Katika aya chache tu analirudia mara baada ya mara. Amekhitalifiana nao katika jambo la kufa na kupona, na bado ni watu wake. Hakuwakana ili apate kuwaambia kweli. Mwisho anasema, nami mambo yangu namkabidhi Mwenyezi Mungu, na aya inayofuata inatuambia Mwenyezi Mungu alimlinda.

Karama naye ni hivyo hivyo. Kusadikika ni nchi yake. Anazungumza na mfalme kwa heshima, hatukani, hapandishi sauti, wala hapunguzi hata kidogo katika anachosema. Adabu yake na ukweli wake vimekaa pamoja bila kugombana. Sisi wa pwani tunapaswa kulitazama hilo kwa makini sana, maana tumelelewa na adabu, na mara nyingine tunaifanya adabu kuwa mahali pa kujifichia.

Kuna hadithi aliyoipokea Tirmidhi, na wako wanazuoni waliosema ni maneno ya Ibn Mas'ud mwenyewe, radhi za Mwenyezi Mungu ziwe juu yake. Inatukataza tusiwe imma'a. Imma'a ni mtu wa kusema mimi niko pamoja na watu: wakitenda wema nami nitatenda, wakidhulumu nami nitadhulumu. Tunaambiwa tuzizoeze nafsi zetu, watu wakitenda wema tutende wema, na wakitenda ubaya tusidhulumu. Mji wetu ni mdogo na vichochoro vyake ni vyembamba, mtu akikohoa mtaa wa Mkomani atapewa pole mtaa wa Langoni. Katika mji kama huu uimma'a hauji kwa sura mbaya. Huja kwa sauti ya mama akikuuliza, watu watasema nini? Huja kwa wazee wa barazani kukunyamazia siku mbili. Ni vitu vidogo, na ndivyo vinavyomkunja mtu.

Na mji huu huu umemjua aliyekataa kukunjwa. Habib Swaleh, Mwenyezi Mungu amrehemu, alikuja hapa kutoka Ngazija akiwa kijana. Ni sharifu, kizazi cha Mtume, swalla Allahu alayhi wa sallam, angeweza kukaa na wakubwa wa Mkomani akabusiwa mkono mpaka mwisho wa umri wake. Yeye alikwenda kukaa upande wa Langoni, akawafundisha watu waliokuwa hawahesabiwi, wakiwemo waliotumikishwa utumwani na watoto wao, wakati ambapo baadhi ya waungwana waliona elimu ya dini si ya watu wale. Walimpinga. Walimpinga kwa kuwafunza, wakampinga kwa matari ya maulidi. Hakuuhama mji, wala hakuwatukana. Aliendelea na darsa. Msikiti wa Riyadha ukasimama, na leo kila Maulidi watu wanatoka kila upande wa pwani kuja kuufuata mlango ule, wajukuu wa waliompinga wakiwa safu moja na wajukuu wa aliowafundisha.

Kwa hivyo nilipofika kwenye shtaka la Majivuno, sikuweza kulisoma kama hadithi ya nchi ya angani. Nimezaliwa karibu na Riyadha. Najua kwamba kufundisha kunaweza kuwa kosa.

Nina wasiwasi mmoja nisiouficha. Siku hizi kila mkaidi anajiita mtu wa msimamo. Anawavunjia watu heshima, akiambiwa anasema mimi sifuati mtu. Mimi naona tofauti iko mahali pamoja. Mtazame mtu anayesimama peke yake, kisha mtazame aliye nyuma yake. Nyuma ya Karama kuna wafungwa sita. Nyuma ya yule muumini wa nyumba ya Firauni kuna Musa. Nyuma ya Habib Swaleh kuna watoto wameshika mbao zao za kuandikia. Nabii Ibrahim aliusimamia ukweli akiwa peke yake, na Mwenyezi Mungu akasema katika Sura An-Nahl kwamba Ibrahim alikuwa umma. Mtu mmoja, umma! Lakini ukaidi wa mtu mwenye kiburi, ukiangalia nyuma yake, hakuna mtu. Kuna yeye tu tena.

Sasa nataka kuwaambia jambo langu, kwa sababu siyo haki kuwasifu watu hawa nikajiacha.

Babu yetu alipofariki, bibi alikuwa amemtangulia, na wazee wake pia. Aliacha wana watatu wa kiume na binti mmoja, shangazi yangu. Kulikuwa na shamba la minazi, na ardhi ya kisiwa hiki sasa inatafutwa na watu wenye fedha, kwa hiyo likapata mnunuzi. Kikao kikawekwa kwetu, dakani, baada ya Isha. Ami zangu wakasema dada yao ameolewa, mumewe anajiweza, apewe kitu cha kumfurahisha moyo. Mmoja akaongeza, tena ameridhia.

Mimi nilisoma faraidhi madrasa, elimu ya kugawa mirathi. Hesabu ile ilikuwa kwenye vidole vyangu nikiwa nimekaa pale: mafungu saba, mawili mawili kwa kila mwanamume, moja kwake. Niliihesabu mara mbili, chini ya kikoi, mtu asione. Nikanyamaza. Nilijiambia mimi ni mdogo kuliko wote, baba yangu yupo, si adabu. Na usiku huo huo, wallahi, niliswali Witri yangu nikalala.

Tunaisoma mno ile hadithi ya neno la haki mbele ya sultani dhalimu. Tunaipenda, na tunadhani sultani yuko mbali. Wengi wetu tutakufa hatujasimama mbele ya sultani yeyote. Tutakaosimama mbele yao ni ami zetu, tunaowapenda, waliotulipia ada, waliotubeba mabegani kwenda kutazama mashindano ya ngalawa. Mwenyezi Mungu anatujua. Ndiyo maana katika Sura An-Nisaa, alipotuamrisha tuwe wasimamizi wa uadilifu, mashahidi kwa ajili yake, hakutaja wafalme. Alitaja nafsi zetu, na wazazi wawili, na jamaa.

Aliyesema usiku ule alikuwa binamu yetu mmoja, fundi wa majahazi, ambaye hakusoma faraidhi wala hakudai kuijua. Alikuwa ameegemea nguzo, mikono yake ina rangi ya sifa, yale mafuta ya kupaka majahazi. Aliuliza swali moja, kwa upole kabisa, kama mtu anayeuliza saa.

"Na yeye mwenyewe yuwapi?"

Hakuna aliyemjibu. Akaambiwa hayo si yake. Akasema ndiyo, si yangu, ni yake yeye, ndiyo nauliza yuwapi. Kikao kikavunjika kwa hasira, na baadhi yao hawakumwitikia salamu kwa muda mrefu. Nimesoma Kusadikika tena wiki hii na nimemsikia mle, kwenye kila siku ya Karama barazani: hawa sita wako wapi, mbona mnahukumu nao hawapo?

Naona usiku ule binamu yetu ndiye aliyeongoza. Alimwongoza nani? Mimi. Siku ya pili, Alasiri, nilikwenda kwa shangazi. Njia ni fupi, nimeipita maelfu ya mara, na siku ile niliiona ndefu. Nilimkuta ukumbini anasuka ukili.

"Ndoo, mwanangu, keti," akasema.

Nikaketi. Nikamwambia nilikuwepo jana na sikusema kitu. Hakunilaumu, na kule kutonilaumu kulinichoma zaidi. Nikamuuliza kama kweli ameridhia. Akaniuliza, ameridhia nini? Hakujua kuwa shamba limepata mnunuzi. Hakujua kuna hesabu. Mwanamke wa umri ule, amehitimu Qur'ani, amewasomesha juzuu watoto wa mtaa mzima, na hakuna mtu aliyewahi kumkalisha akamwambia fungu lake ni lipi. Sote tulioijua ile elimu tulimwachia aridhike.

Basi nikamfundisha. Nilivunja vipande vya ukili wake, nikavipanga mkekani. Hivi viwili vya fulani, hivi viwili vya fulani, hivi viwili vya baba.

"Vyote vingapi?"

"Saba."

"Na changu?"

Nikamwonyesha. Akakichukua kile kipande, akakigeuzageuza vidoleni, akakitia ndani ya leso yake na kufunga fundo. Kisha akasimama, akautoa ushungi wake msumarini.

"Nipeleke," akasema.