Tonge la Baba Mkubwa

Ujiji, Jumapili usiku

Leo mchana Baba mkubwa kakabwa na tonge la ugali wa muhogo. Mpaka sasa mikono yangu haijatulia.

Tulikuwa mkekani, tunakula ugali na samaki, migebuka ya mawese. Ghafla, kimya. Hicho kimya ndicho kilichonishtua, maana siku zote akipaliwa hukohoa mpaka machozi yanamtoka. Mkono ukaenda kooni, midomo ikaanza kubadilika rangi. Shangazi akakimbilia kikombe cha maji, nikamzuia. Nikamwinamisha mbele, nikampiga kwa kitako cha kiganja katikati ya mabega. Pigo la nne tonge likaruka, zima, halijaguswa na jino.

Ana miaka 71, na tangu ujanani anaishi na skizofrenia, ugonjwa wa akili unaomfanya asikie sauti zisizokuwepo. Dawa yake, haloperidoli, imemrudisha kwetu, siwezi kuisema vibaya. Inazuia dopamini, kemikali ya kupitisha ujumbe kwenye ubongo, zile sauti zinapungua. Lakini ubongo huitumia dopamini hiyohiyo kuendesha misuli, kwa hiyo ulimi na koo vinakakamaa, kumeza kunachelewa. Kidonge kingine, cha kupunguza mtetemeko, kinamkausha mate. Meno yamebaki matano. Halafu anakula kwa haraka.

Haraka hiyo tuliiita ulafi. Tumemgombeza mara ngapi, tena mbele ya wageni? Kikohozi cha kila mlo tukasema ni uzee. Kliniki tunaulizwa kama analala, kama bado anasikia sauti. Habari ya kumeza hakuna aliyewahi kuuliza, nami sikuwahi kusema. Hilo linaniuma.

Jioni alipita jirani yetu muuguzi. Kasema nimwangalie homa na pumzi siku hizi chache, kwani chakula kikiingia njia ya hewa huleta nimonia. Dawa tusiikate wenyewe. Kesho twende tukaeleze yote, huenda daktari akapunguza dozi au akabadilisha. Na akila akae wima, abaki amekaa nusu saa baada ya kula.

Usiku nimempikia wali wa bokoboko wenye mchuzi, samaki nimemchambua miba yote. Nikampa kiti, na kijiko kidogo cha chai. Alikula taratibu, akanitazama.

"Usinikodolee macho hivyo, mwanangu. Nameza."

"Haya, Baba."

Nikageukia dirishani, nikabaki nikilisikiliza koo lake, kijiko kwa kijiko.