Nyimbo za taratibu za miaka ya themanini: tafuta sauti ya kwanza

Maharusi wa Kampala wakiitwa na MC wafungue dansi, mara nyingi zinapigwa nyimbo zile zile chache za Kizungu. Si mbaya. Ila kadhaa kati ya hizo ni marudio, na toleo lililotangulia limesahaulika ingawa ukumbi mzima unaujua wimbo. DJ anayelijua toleo hilo analeta kitu kipya bila kumpoteza mtu.

Chukua The Power of Love. Wengi wanaujua kwa Celine Dion, 1993. Aliyeuanza ni Jennifer Rush, Mmarekani aliyekuwa akirekodi Ujerumani, mwaka 1984. Mwaka 1985 hakuna singo iliyouzwa kuliko hiyo Uingereza, lakini Marekani iliishia nafasi ya 57 kwenye chati. Sauti ya Rush ni nzito, na kwangu inafaa zaidi maneno ya wimbo kuliko kelele za baadaye. Angalizo: toleo la albamu linakaribia dakika 6. Maharusi watachoka kuzunguka pale katikati, basi tafuta lile fupi la singo.

How Am I Supposed to Live Without You ni vivyo hivyo. Michael Bolton ni mmoja wa watunzi wake, lakini Laura Branigan ndiye aliyeufikisha nafasi ya 12 Marekani mwaka 1983. Bolton aliuimba mwenyewe baadaye, ukashika namba moja Januari 1990. Nothing's Gonna Change My Love for You, wa kijana Glenn Medeiros, ulikuwa tayari kwenye albamu ya George Benson ya 1985, ukiwa umetulia zaidi. Na Alone wa bendi ya Heart (1987) ulitolewa kwanza 1983 na watunzi wake, Billy Steinberg na Tom Kelly, chini ya jina i-Ten. Huo wa i-Ten ni wa kusikiliza nyumbani. Ukumbini Heart wanaushinda.

Wakati wa kuwashukuru wazazi, watu hukimbilia Wind Beneath My Wings wa Bette Midler. Jaribu Roger Whittaker, mzaliwa wa Nairobi, aliyeutoa 1982, au Gary Morris wa 1983 kwa wapenzi wa country, ambao Uganda hawakosekani.

When I'm with You wa Sheriff, bendi ya Kanada, una kisa chake. Mwaka 1983 uliishia nafasi ya 61 Marekani, bendi ikavunjika 1985, kisha redio zikaufufua na Februari 1989 rekodi ile ile ikawa namba moja, bendi haipo. Mwimbaji wao, Freddy Curci, anamalizia kwa noti moja anayoivuta sekunde zipatazo 19. Usiikate! Ukiingiza wimbo mwingine juu yake umeua kila kitu.

Sasa, kupata faili sahihi. Waimbaji wengi wa enzi hiyo wamerekodi upya nyimbo zao wakiwa wazee, na mtandaoni jalada linaweza kufanana na la zamani. Angalia mwaka na jina la kampuni ya rekodi, linganisha urefu na wa albamu ya kwanza, kisha sikiliza ngoma: ile ya zamani ina mwangwi mkubwa unaokatika ghafla, marudio mara nyingi yana ngoma kavu. Pakua mapema, usitegemee intaneti ya ukumbini.

Kosa linaloharibu spika ni la sauti. Nyimbo hizi huanza kwa kinanda cha kunong'ona. DJ anaona watu hawasikii, anapandisha, kisha kiitikio kinaingia na taa nyekundu za mikisa (mashine ya kuchanganya sauti) zinawaka, yaani sauti imezidi. Panga geini (kiwango cha sauti inayoingia kwenye mikisa) ukisikiliza kiitikio, mwanzo uache uwe mdogo. Faili zilizotokana na CD za zamani huwa chini kuliko zile zilizosafishwa upya, hivyo panga geini ya kila wimbo peke yake.

Usihangaike kulinganisha mapigo ya wimbo unaoisha na unaofuata pia. Baadhi ya rekodi za namna hii zilipigwa na mpiga ngoma mtu, mwendo unateleza kidogo. Ngoja wimbo ufifie, mpe MC sekunde chache, halafu ingiza Afrigo Band, bendi ya Uganda, watu wabaki uwanjani.