Maji ya boila yalikuwa yakirudi kwenye pampu: jinsi nilivyotatua

Wenzangu wa mawese hapa Kigoma mnaochemsha chikichi kwa mvuke, hili lisiwapate. Boila yetu ndogo ilinitesa wiki tatu. Nikizima pampu, maji kwenye kioo cha kuonyesha kimo cha maji ya boila yanashuka upesi, na pampu yenyewe inakuwa moto haishikiki. Ukiiwasha tena inanguruma tu, haivuti.

Nikabadilisha pakingi za pampu. Nikasafisha tangi. Nikanunua hata cheki valvu mpya (valvu inayopitisha maji upande mmoja tu), bila nafuu yoyote, nusura niuze boila!

Kumbe kosa lilikuwa mkao wa hiyo cheki valvu. Mvuke ukiwa na bar 7, maji ya boila yako karibu nyuzi 170. Pampu ikisimama, presha hiyo inayasukuma yarudi, nayo yakifika penye presha ndogo yanageuka mvuke ndani ya pampu. Kazi ya cheki valvu ni kuyazuia. Ya kwangu ilikuwa ya kidude kinachopanda na kushuka kwa uzito wake. Mimi nilitazama tu mshale ulio kwenye valvu, ukaelekea boila, nikaridhika. Lakini niliifunga kwenye bomba lililosimama, kwa hiyo kidude kililala ubavu na hakikukaa kwenye kiti chake, yaani pale kinapozibia.

Nilizima moto, nikangoja geji ishuke hadi sifuri na boila ipoe, nikafunga koki ya upande wa boila. Nikaihamishia cheki valvu kwenye kipande cha bomba kilicholala, kifuniko kikitazama juu. Kiti nilikipangusa ukoko kwa kitambaa.

Jana nilizima pampu, nikaishika kwa kiganja. Baridi.