Seiryu imefika Agosti na ncha zake zote: kumbukumbu ya mradi wangu wa mepo

Agosti inaisha na ile Seiryu ya kwenye chungu, aina ya mepo ya Kijapani, bado ni kijani mpaka kwenye ncha. Kwa wanaootesha mepo za Kijapani (miti midogo ya mapambo, kwa Kiingereza maple) huku kusini mwa Uingereza, hilo si jambo dogo. Kila kiangazi ilikuwa wimbo uleule: Juni kingo za majani zinageuka kahawia, Julai mti mzima umebabuka.

Tangu Julai 2022, joto lilipofika nyuzi 40.3 kule Coningsby, Lincolnshire, kila jani lililoungua linasingiziwa jua. Jua lina tabia yake. Huunguza majani ya juu na ya upande wa kusini-magharibi, yale ya ndani yenye kivuli likayaacha. Upepo nao huunguza upande unakotokea. Jalidi ya Aprili au Mei huyalegeza majani machanga mara moja na kuyafanya meusi, haianzii kwenye kingo. Seiryu ilikuwa inaungua pande zote, hadi majani ya ndani kabisa, hata katika wiki za mawingu matupu. Na hii ni katika mepo chache za majani yaliyochanika zinazolivumilia jua vizuri! Ukiona dalili hizo acha kuhamishahamisha chungu. Tatizo liko chini.

Chungu kilifunguliwa mwisho wa Februari, kabla machipukizi hayajavimba. Juu mizizi ilikuwa safi, migumu, rangi ya krimu. Chini kulikuwa na tope jeusi lenye harufu ya yai viza. Ukiushika mzizi wa pale kwa vidole viwili na kuvuta, ganda lake lote linachomoka na kubaki uzi mwembamba wa katikati. Mzizi wa namna hiyo umeshakufa, ukate mpaka kwenye sehemu nyeupe.

Mchawi alikuwa kokoto: tabaka la sentimita 5 chini ya chungu, "ili maji yapite". Ushauri huu haufi, na sijui nani anaulisha. Maji hayatoki kwenye mboji laini kuingia kwenye kokoto mpaka mboji iliyo juu yake iwe imeloa chepechepe. Kwa hiyo kokoto hazipunguzi tope, zinalipandisha tu likaribie mizizi. Kimo cha tope hilo kinategemea ukubwa wa chembe za udongo, hakitegemei kina cha chungu. Mboji laini ya dukani inaweza kushikilia sentimita 10 hivi. Chungu cha sentimita 30, toa 5 za kokoto, toa 10 za tope: mti umebakiwa na 15 za kupumulia.

Anayebisha achukue sponji ya kuoshea vyombo, ailoweshe, ailaze bapa mpaka iache kudondosha, kisha aisimamishe wima. Maji mengine yatatoka. Chungu nacho ni vivyo hivyo: baada ya mvua ndefu kiinamishe nyuzi 45 kwa dakika chache uone kinachomwagika.

Na kwa nini mizizi iliyozama inaunguza majani? Mzizi usiopata oksijeni hauwezi kunyonya maji, hata ukiwa umekaa ndani yake. Jani linaendelea kupoteza maji hewani, na kingo, zilizo mwisho wa mishipa, ndizo zinazokauka kwanza. Mwenye mti anaona ukavu, anaongeza maji. Hapo ndipo mepo nyingi za vyunguni zinapofia.

Mchanganyiko uliofanya kazi ni sehemu 3 za magome ya msonobari ya milimita 5 hadi 12, sehemu 1 ya pumisi (jiwe jepesi la volkano lenye vitundu), sehemu 1 ya mboji ya mimea ipendayo asidi. Magome lazima yachekechwe, na vumbi la chini ya milimita 3 litupwe kwenye bustani ya mboga, maana vumbi ndilo linaloziba kila kitu. Hakuna kokoto. Kipande cha wavu juu ya tundu kinatosha, na chungu kinyanyuliwe juu ya vijiguu, kisiwekewe kisahani. Sehemu ya kubebeshea (pale aina hii ilipounganishwa na shina la mepo nyingine) ibaki juu ya udongo, na mahali shina linapoanza kupanuka kuwa mizizi paonekane. Epuka pia vyungu vyenye tumbo na shingo nyembamba. Siku ya kubadilisha udongo utavunja chungu au utavunja mizizi.

Kuhusu vifaa: kipima unyevu cha kuchomeka ni pesa ya bure kwenye magome, kwani ncha yake inagusa nafasi za hewa na kusema kukavu wakati wote. Kijiti cha mwanzi kilichochomekwa dakika 10 kinasema kweli zaidi. Mkasi wa kupogolea uwe wa makali yanayopishana (wangu ni Felco 2, bado sijaona sababu ya kuuacha). Ule wa kubana juu ya bamba unaponda vijitawi vya mepo. Futa makali kwa spiriti kati ya mti na mti. Ukikata tawi lililonyauka ghafla na kuona michirizi myeusi ndani ya mti, shuku kuvu ya Verticillium. Haina dawa, na hukaa udongoni miaka mingi, hivyo usipande mepo palipokuwa na viazi au nyanya.

Maji ya bomba ya London ni magumu, yaani yana chokaa nyingi, yanapandisha pH ya udongo (kipimo cha asidi) taratibu mpaka majani yanakuwa manjano katikati ya mishipa kwa kukosa chuma. Pipa la maji ya mvua linamaliza ugomvi. Mbolea ya kuachia polepole, nusu ya kipimo cha pakiti, mwanzo wa majira ya kuchipua. Baada ya Julai usiweke kitu.

Anayechagua aina ya mepo sasa: mahali pa jua, Shishigashira au Osakazuki. Penye jalidi za kuchelewa, Emperor I, kwani huchelewa kuchipua. Katsura hukurupuka mapema na kupigwa. Ukigumo bila kivuli cha mchana usihangaike nayo. Na kwa wa Mombasa au Dar: hakuna majira ya baridi ya kuulaza mti huu, pesa hiyo nunua mwembe.

Mpango wa vuli ulikuwa kuhamishia Osakazuki yangu ardhini. Umeahirishwa, kwa sababu tawi lake la pili kutoka chini, nene kama kidole gumba, linafaa mno kuoteshwa mizizi likiwa juu ya mti, na mti uliohamishwa juzi hauchunwi gome. Mwisho wa Mei: ondoa pete ya gome yenye upana mara moja na nusu ya unene wa tawi, kwangua kambiamu yote (utando wa kijani ulio chini ya gome) hadi mbao ya ndani ionekane (ukibakiza hata mchirizi, tawi litaunganisha jeraha badala ya kutoa mizizi), paka homoni ya mizizi kwenye ukingo wa juu, zungushia sfagnamu (kuvumwani ya kinamasi inayoshika maji) iliyolowekwa na kukamuliwa, funga plastiki angavu na juu yake plastiki nyeusi. Ile angavu ni ya kuchungulia. Mizizi ikishageuka kutoka nyeupe kuwa kahawia, kata chini ya fundo, na uipande bila kuifumua sfagnamu.