Wanaoiita Boise pori, waje walipe kodi yake

Kodi ya nyumba imepanda dola 180 kwa mwezi. Barua waliibandika mlangoni, karatasi moja, jina la mume wangu limekosewa herufi mbili, na chini wametutakia siku njema. Sheria ya Idaho inamtaka mwenye nyumba atoe taarifa siku 30 kabla, basi. Akishatoa, kapandisha. Jiji haliwezi hata kumwekea kikomo, jimbo limelikataza. Najua mtasema afadhali hiyo kuliko mwenye nyumba wa Sinza, Dar, anayetaka kodi ya mwaka mzima mkononi na bado anakuja kuhesabu wageni waliolala ndani. Sawa, lakini wa Sinza unaweza kumtumia mtu mzima akaongea naye, akakupa mpaka mwisho wa mwezi. Mimi mwenye nyumba wangu ni kampuni iliyoko jimbo jingine, simu inapokelewa na mashine.

Karatasi bado ninayo mkononi, binamu yangu wa Dallas akatuma sauti kwenye kundi la familia: "Sasa mwenzetu, hela yote hiyo unalipia kukaa porini?" Shangazi zangu wakacheka. Hata mjomba, ambaye safari yake ya mbali kabisa ni Tunduma, akaweka vikatuni vya kucheka. Haya, ngoja niwaeleze hilo pori.

Boise ni makao makuu ya jimbo la Idaho. Sensa ya 2020 ilihesabu watu zaidi ya 235,000, na ukiunganisha na Meridian, Nampa na Caldwell, miji iliyogusana humu humu bondeni, unavuka laki tano. Micron, wale wa kumbukumbu za kompyuta, walianzia hapa mwaka 1978. Lakini najua binamu anachosema. Hakuna sherehe ya Watanzania kila Jumamosi, hakuna mama wa chapati wa kumpigia simu usiku, na ukienda nyumbani unabadilisha ndege mpaka miguu inavimba.

Mimi ni mtu wa Mbeya, bonde lenye milima pembeni halinitishi. Kilichonishangaza ni maji. Mvua ya hapa kwa mwaka haifiki hata milimita 300. Dodoma tunayoisema kwa ukame inapata karibu mara mbili yake! Halafu unashuka kwenye ndege mwezi wa saba unakuta majani mabichi, miti mikubwa, na watu wanaelea mtoni juu ya maboya yaliyojazwa upepo, kuanzia Barber Park mpaka katikati ya mji. Siri ni theluji. Inarundikana milimani wakati wa baridi, inayeyuka, inakamatwa na mabwawa. Lile la Arrowrock lilimalizika 1915, na siku hizo lilikuwa refu kwenda juu kuliko yote duniani. Kisha maji yanafunguliwa kwenye mifereji, takriban Aprili mpaka Oktoba. Nje ya mstari wa mifereji ni vichaka vikavu na vumbi.

Haya yote nimefundishwa na mzee mmoja kazini. Mimi nabeba boksi la kulea wazee, zamu ya usiku (inanifaa: wakati wa baridi nikiingia saa nne usiku, Mbeya ni saa mbili asubuhi ya kesho yake, mama ameshakunywa chai anataka maongezi). Mzee huyo alilima viazi na vitunguu maisha yake yote, na hapati usingizi. Akanieleza kwamba hapa haki ya maji ina tarehe. Familia iliyoanza kuyatumia zamani inashiba kwanza, na mwaka wa ukame anafungiwa aliyekuja mwisho, hata awe tajiri namna gani. Nami nikamsimulia bonde la Usangu kwetu Mbeya, mashamba ya mpunga ya Mbarali, wafugaji, hifadhi, na mto Ruaha Mkuu unavyokatika kiangazi. Alisikiliza yote, akauliza swali moja tu: "Katika hao wote, nani ana tarehe ya zamani zaidi?" Nilijibu mto, akasema mto hauna wakili.

Siku nyingine akataka kujua viazi vyetu vinauzwaje. Nikamweleza lumbesa: gunia limejaa, halafu linaongezewa kichwa na kushonewa kamba, mkulima wa Isongole kasimama pembeni anatazama, analipwa gunia moja. Alicheka mpaka ikabidi nimkalishe vizuri apate pumzi. Kisha akaniambia wanunuzi wa hapa nao wana ya kwao, ila imeandikwa kwenye mkataba: kiazi chenye michubuko kinakatwa kwenye malipo, udongo unakatwa, na kipimo ni cha kiwandani. Na hili ndilo jimbo lililoandika viazi mpaka kwenye namba za magari.

Sasa watu. Kiswahili cha Boise ni cha Wakongo. Mji umepokea wakimbizi tangu miaka ya sabini, na siku hizi ukisikia Kiswahili dukani, nafasi kubwa ni mtu wa Fizi au Uvira, na wengi walipitia kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu kule Kasulu. Vijana wao waliozaliwa kambini wanaongea kama wanangu. Kuna mradi unaitwa Global Gardens unaowapa wakimbizi ardhi ya kulima na kuuza mboga, kwa hiyo kiangazi sikosi mchicha wa leo leo. Mama ninayenunua kwake ananiita "dada wa Tanzania", anafunga fungu, ananiangalia, halafu anachomoa kiganja kingine anaongezea. Nyongeza, Marekani! Nilipojifungua wa pili walikuja kwa zamu, sombe (kisamvu chao) leo, maharage kesho, mmoja akamwogesha mtoto huku akinigombeza kwa kutembea bila soksi. Hakuna aliyeniuliza ninasali wapi. Binamu yangu alipojifungua Dallas, pamoja na Watanzania wote hao, chakula kililetwa na pikipiki wa programu ya simu. Nimelisema hilo kundini, akaleft.

Wazungu wenyewe? Weupe ni wengi mno, tusidanganyane. Kuna siku nzima unamaliza bila kukutana na mweusi mwenzako, na mtoto atarudi shule akisema wamemshika nywele. Lakini theluji ikianguka nikiwa kazini, jirani ninayemjua kwa kupungiana mikono tu anasafisha njia yake na yangu. Agosti maboga ya kijani yanawazidi bustanini, wanayaacha mlangoni kwako kimya kimya. Vijana wawili wenye tai watabisha hodi kukueleza dini yao. Wape maji, nao watakubebea kochi ukihama. Halafu kuna Wabaski, waliokuja kutoka Hispania enzi za mababu kuchunga kondoo milimani humu. Leo wana mtaa wao katikati ya mji wenye makumbusho na baa, na Dave Bieter, aliyekuwa meya kuanzia 2004 hadi 2020, ni damu yao. Nikiwatazama wale watoto wa Nyarugusu napiga hesabu zangu kimoyomoyo.

Basi, nimesifia vya kutosha na kodi bado imepanda. Ilianza kupanda hasa kuanzia 2020, watu wa California walipogundua wanaweza kufanyia kazi popote. Waliuza vyumba vyao kule, wakaja na fedha taslimu, na bei za nyumba za bondeni zikaruka hadi wenyeji wenyewe wakakimbilia Caldwell na zaidi. Mshahara haukuruka nao. Kima cha chini Idaho ni dola 7.25 kwa saa, hakijasogea tangu 2009, na jimbo limezuia miji isiweke chake. Kwa kweli ni waajiri wachache wanaothubutu kulipa hiyo sasa, ila ukivuka mpaka kuingia Oregon, mwendo wa saa moja tu, kima chao ni karibu mara mbili. Na kule hakuna kodi ya mauzo, wakati Idaho inakukata asilimia sita mpaka kwenye unga na maziwa ya mtoto. Wanakurudishia kidogo ukijaza fomu za mapato. Kidogo.

Na hewa. Januari baridi inazama bondeni, moshi wa magari na majiko unafunikwa humo, mnakaa kwenye ukungu wa kijivu wiki nzima mkiwa wakali bila sababu. Ukipanda gari mpaka Bogus Basin, kule juu wanakoteleza kwenye theluji, unakuta jua linawaka na bonde lote limepotea chini. Agosti ni moshi wa misitu inayoungua. Mwenye pumu afikirie mara mbili. Julai joto linavuka nyuzi 38, kavu, midomo inapasuka. Njoo na mafuta yako ya mgando. Juni jua linazama saa tatu na nusu usiku, jaribu kumlaza mtoto.

Wanaoniuliza kuhusu kuhamia huku, mimi nawajibu hivi. Bila gari hapa ni mfungwa. Mabasi yapo, lakini yanakatika mapema na Jumapili usiyategemee, na kazi zinazotupokea sisi, viwanda vya chakula, maghala, wazee, zamu zake zinaanza alfajiri au usiku. Kwa hiyo leseni kwanza, simu mpya baadaye. Msije kwa kusikia Idaho ni rahisi. Rahisi ilikuwa kabla sijafika. Kama wewe ni mtu wa kundi, wa vikao vya harusi, nenda Texas ukamsaidie binamu yangu kula chakula cha pikipiki. Kama unataka kusoma uuguzi jioni, kulala, na kujuana na watu kwa majina, njoo.

Na wenye watoto wadogo: mkitafuta nyumba mtaona zenye kodi nafuu nyuma yake kuna mfereji. Ukienda kuitazama Februari utakuta shimo kavu lenye majani, dalali hatalisema. Aprili wakifungua maji, yanapita kwa kasi, ya baridi ya theluji, kingo za zege zina utelezi, na mtoto akitumbukia hana pa kushika. Uliza kama kuna uzio. Kama hakuna, acha hiyo nyumba.