Maswali kumi na mama aliyesema hana mawazo

Mama mmoja wa Guatemala, mimba ya miezi saba, aliketi mbele yangu asubuhi akiwa bado na alama za barakoa mashavuni. Alikuwa ametoka zamu ya usiku kwenye kiwanda cha nyama, hajapita hata nyumbani. Nilimsomea maswali kumi ya fomu ya kliniki ya kupima msongo wa mawazo, kwa Kihispania. Mwezi uliopita, ni mara ngapi umeona mambo yamekuzidi? “Casi nunca,” akajibu, yaani ni nadra sana. Mara ngapi umeudhika kwa jambo usilolitarajia? Casi nunca. Nikajumlisha, akapata 9 kati ya 40. Kwa hesabu ya fomu, huyu ametulia.

Nikaweka kalamu chini, nikamuuliza tu kama mtu na jirani yake, leo umefikaje hapa? Ndipo yakatoka. Mumewe anaendesha gari bila leseni, kwa sababu hapa Iowa, Marekani, mtu asiye na makaratasi ya uhamiaji hapewi leseni. Akichelewa dakika kumi, mama huyu anasimama dirishani. Dirishani pale ndipo anapomalizia jioni zake nyingi. Mtoto wake mkubwa yuko kwa bibi, Guatemala, na kila Jumapili anauliza kwenye simu kama mdogo wake akizaliwa atakuwa ndiye mtoto wa nyumba. Alinieleza yote hayo kwa sauti ya kawaida, huku akikunja na kukunjua risiti ya maegesho.

Mimi ni mzaliwa wa Kasulu, Kigoma. Nilifika Marekani nikabeba maboksi kama wengi wetu, kisha nikaingia kiwanda cha nyama, na Kihispania changu nilikiokota pale kwenye mstari, kisu mkononi, kutoka kwa akina mama wa Mexico na Guatemala waliosimama kulia na kushoto kwangu. Kliniki ilinichukua kwanza niwatafsirie wajawazito wa Kikongo. Baadaye wakanikabidhi na fomu za Kihispania.

Fomu yenyewe siidharau. Ilitungwa na Sheldon Cohen na wenzake, wakaichapisha mwaka 1983 ikiwa na maswali 14, na leo inayotumika sana ni ya maswali 10. Kila jibu lina alama kuanzia 0 hadi 4. Haihesabu matukio. Inauliza mtu mwenyewe anavyouona mzigo wake, na hilo ni jambo la heshima, maana msiba mmoja humwangusha huyu na kumwacha yule amesimama. Ila kuna maswali manne, la nne, la tano, la saba na la nane, yaliyogeuzwa: yanauliza mara ngapi ulijiamini, mara ngapi mambo yalikwenda upendavyo. Hapo “mara nyingi” ni habari njema, na alama zake huhesabiwa kinyume. Mama aliyekesha na kisu usiku kucha huendelea na safu ileile aliyoanza nayo. Nimeona hivyo mara nyingi mno.

Halafu kuna maneno. Neno estrés, yaani msongo, wanalo wasichana waliosoma hapa. Mama zao husema nervios, na ndani ya neno hilo mna kutetemeka, kulia, kichwa kuuma, usingizi kukimbia. Ni kama sisi: mwambie mama wa Kigoma ana msongo atakutazama, lakini yeye mwenyewe atakwambia “nina mawazo” na wote jikoni watamwelewa. Tena wapo Waguatemala ambao hata Kihispania ni lugha yao ya pili. Nyumbani ni Kikaqchikel au K'iche', kama ambavyo Mkongo wangu wa Fizi anazungumza nami Kiswahili huku moyo wake uko katika Kibembe. Fomu ikishatafsiriwa kwa Kihispania, ofisini wanaona kazi imekwisha.

Na juu ya yote kuna aguantar. Kwetu ni kuvumilia. Msichana wa kwetu anafundwa avumilie, na wao vilevile. Ukimuuliza mjamzito mbele ya mgeni mwenye kalamu kama mambo yamemshinda, umemuuliza kama ameshindwa kuwa mama. Nadhani hapo ndipo alama zinapoporomoka kuliko mahali pengine popote.

Wapo waliolifikiria hili mapema. Richard Cervantes na wenzake walichapisha mwaka 1991 hojaji iliyotungwa kwa ajili ya Walatino wenyewe, yaani watu wa Marekani wenye asili ya Amerika ya Kilatini, na toleo la wahamiaji linauliza mambo kwa majina yake: kazi na fedha, ndoa, watoto, uhamiaji, familia. Kwanza wanauliza, je, hili limekupata? Likiwa limekupata, lilikusumbua kiasi gani? Mama wa dirishani angekuwa na pa kuanzia. Kosa la hojaji hiyo ni urefu, na kliniki ina dakika kumi kwa kila mgonjwa.

Wengine hupima kotisoli, homoni inayopanda mwili ukibanwa, kwa mate au kwa unywele. Lakini katika ujauzito homoni hiyo hupanda yenyewe, kondo likichangia, na kwa mtu wa kawaida kilele chake ni asubuhi muda mfupi baada ya kuamka. Sasa mfanyakazi wa zamu ya usiku, asubuhi yake ni ipi?

Kipimo kilichonigusa kuliko vyote hakikumuuliza mtu swali hata moja. Tarehe 12 Mei 2008, katika mji mdogo wa Postville, hapa hapa Iowa, maofisa wa uhamiaji walivamia kiwanda cha nyama na kukamata watu 389, wengi wao Waguatemala. Miaka tisa baadaye watafiti walichapisha walichokikuta kwenye vyeti vya kuzaliwa vya jimbo zima: kwa akina mama wa Kilatino, baada ya uvamizi huo hatari ya kuzaa mtoto wa chini ya kilo 2.5 ilikuwa kubwa kwa asilimia 24 kuliko kipindi kama hicho mwaka uliotangulia. Kwa mama weupe haikupanda. Na waliopatwa ni pamoja na waliozaliwa Marekani, raia kamili, ambao hawakuwahi kutia mguu kiwandani. Hofu ilifika kwenye mizani ya kupimia watoto.

Nilimfikiria mama yule mbele yangu na zile alama 9. Fomu haina mstari wa kuandika habari za dirisha wala za simu ya Jumapili. Nikamwomba ruhusa. Akafikiri kidogo, akasema niandike, ila jina la mumewe nisiliweke. Nikaigeuza karatasi, nikaandika nyuma yake kwa maneno yake mwenyewe, nikamsomea, akanisahihisha mahali pamoja, kisha nikampelekea mkunga mkononi kabla hajamwita ndani.